Ngoma Ilitoka kwa Mathree Ikapanda Nduthi

Simama hapa Kiamaiko jioni, pale mbuzi wanashushwa, utasikia nduthi kabla uione. Besi kwanza, pikipiki baadaye. Wazee husema ni utundu wa vijana wa boda. Wasee, hiyo ngoma ina babu.

Babu ni matatu. Jina lenyewe lilitoka kwa nauli ya senti 30, sarafu tatu za senti kumi. Mwaka wa 1973 Mzee Kenyatta akaziruhusu zibebe watu bila leseni maalum, zikajaa. Sasa gari zikiwa nyingi barabara moja, abiria anachagua, na mwenye gari lazima amvute na kitu. Akaweka redio. Kisha kaseti, kisha spika chini ya viti, kisha skrini. Wakubwa wetu wa Buruburu watakuambia waliwahi kuacha 58 yenye nafasi ipite, wakingojea ile inayolia vizuri.

Februari 2004 sheria za Michuki zikaanza: mikanda, vidhibiti mwendo, mstari wa manjano. Michoro na kelele zikapungua sana. Ni mwisho wa 2014 ndio Rais Uhuru Kenyatta alisema michoro iachwe, na nganya zikarudi na hasira. Lakini katikati hapo, 2008, serikali ilikuwa imeondoa VAT kwa pikipiki za chini ya sisi 250. Mtaa ukajaa nduthi. Kijana aliyelelewa na ngoma za mathree akapata chombo chake mwenyewe. Ungetarajia anyamaze?

Mimi sipingi muziki. Shida yangu ni kwamba tulirithi sauti bila kurithi gari. Huko Marekani kuna pikipiki kubwa za safari, kama Honda Gold Wing, zilizotengenezwa zikiwa na nafasi ya redio na umeme wa kuilisha. Nduthi ya kazi ina betri ndogo ya volti 12. Amplifaya ikivuta wati 60, hizo ni ampea 5 zinatoka hapo hapo, na injini ikinguruma polepole kwenye jam haichaji vya kutosha.

Binamu yangu alijifunza hiyo hesabu Juja Road usiku. Alikuwa amenunua spika mbili na amplifaya Luthuli, fundi akaunganisha moja kwa moja kwa betri bila fyuzi. Akiwa na abiria, taa ya mbele ikafifia hadi ikawa kama mshumaa. Walisukuma hadi nyumbani. (Abiria hakulipa, na ni haki yake.)

Akabadilisha: spika moja yenye betri yake, anachaji kwa nyumba. Taa iko sawa. Nikadhani tumemaliza.

Lakini kwa matatu spika iko kwa mwili wa gari, na dereva hubadilishana zamu. Kwa nduthi iko karibu na tumbo la mtu, na ndio anapandisha sauti ishinde injini na upepo. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Binamu anafanya kazi saa 12 kwa siku, siku sita.

Jana tulikuwa kwa cucu, stima imepotea, kila kitu kimya. Nikamwambia, "Bro, nipitishie chumvi."

Akasema, "Nini?" Akipiga kelele.