Nana Asma'u, Mama Aliyetunga Mashairi Mpaka Uzeeni



Wengi wetu tumeusikia Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Kila tukiutaja tunazungumzia mawaidha ya ndoa yaliyomo. Leo nataka tumtazame mtungaji mwenyewe. Alikuwa mjane, mgonjwa, na takriban miaka miwili baadaye alifariki. Hata hivyo aliomba wino na karatasi.

Nalisema hili kwa sababu nikiwapima mabiharusi nguo dukani kwangu, nasikia maneno haya mara nyingi: "Skuli nilikuwa naandika mashairi, lakini sasa naolewa, basi tena." Mama anayemsindikiza naye husema kalamu ni ya vijana, yeye umri umeshapita. Basi nikupeni habari za mwanamke aliyeishi wakati mmoja na Mwana Kupona, upande wa pili wa Afrika.

Jina lake ni Nana Asma'u. Alizaliwa mwaka 1793 huko Degel, kaskazini ya nchi tunayoiita leo Nigeria. Baba yake ni Shehu Usman dan Fodio, mwanachuoni mkubwa aliyewasomesha watoto wake wa kike sawa na wa kiume. Asma'u aliijua Kiarabu, Kifulani na Kihausa, na lugha hizo mbili za nyumbani akiziandika kwa herufi za Kiarabu, kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili.

Msidhani alikuwa na maisha ya kukaa kwenye kivuli na kalamu. Mwaka 1804 familia yao ilihama, vita vikafuata. Aliolewa na Gidado dan Laima akiwa msichana wa umri wa miaka kumi na kitu. Mumewe akawa waziri wa dola ya Sokoto, kwa hiyo nyumba yake ilikuwa haiishi wageni. Alizaa, akalea, akasimamia nyumba kubwa. Ndani ya shughuli hizo hizo alitunga. Kazi zake zilizobaki hadi leo ni zaidi ya 60, na zimeenea katika muda wa miaka 40 na zaidi.

Sasa tujiulize, aliwezaje kutoacha?

Kwanza, alikuwa na watu wanaomsubiri. Karibu na mwaka 1830 aliunda mpango wa kuwasomesha wanawake wa vijijini, ukaitwa Yan Taru. Kila kundi lilikuwa na kiongozi wake, jaji, mwenye kofia ya ukili iliyozungushwa kitambaa. Waliosafiri kwenda kwake walikuwa wasichana wadogo na wanawake waliokwishapita umri wa kuzaa, kwa sababu wenye watoto wachanga walibaki majumbani. Asma'u aliwatungia mashairi ya dini na ya historia, wao wakayahifadhi kwa moyo na kurudi nayo kwao kuwafundisha wenzao. Zingatieni hapo: wanawake watu wazima ndio waliobeba elimu. Utu uzima ndio uliowafungulia njia.

Pili, hakusubiri fikra mpya zimshukie. Alifanya takhmisi, yaani kuchukua beti za mistari miwili za mtu mwingine na kuziongezea mistari mitatu ziwe za mistari mitano. Shairi la baba yake alilifanyia hivyo. Nasi pwani tunaijua takhmisi. Kwangu mimi fundi wa nguo ni kama kupewa kitambaa kilichokwishakatwa ukaendelea kukishona: mkono haulali hata siku kichwa kimechoka.

Tatu, misiba hakuiacha ipite bila maneno. Kaka yake, Muhammad Bello, alifariki mwaka 1837, akamtungia maombolezo. Karibu na mwaka 1850 mumewe naye akafariki, yeye akiwa keshapita miaka hamsini. Akamtungia pia, akitaja wema wake na kumuombea. Baada ya hapo bado aliendelea kutunga na kufundisha. Alifariki mwaka 1864, na umri wake ni miaka 70 hivi. Karatasi zake zilihifadhiwa na kizazi chake Sokoto, na mwaka 1997 kazi zake zilichapishwa pamoja katika kitabu.

Ukimweka Mwana Kupona pembeni yake, utaona jambo moja. Hakuna aliyekuwa akiandika ili asifiwe. Mmoja alikuwa na binti, mwingine alikuwa na wanafunzi. Mtu anayekusubiri ndiye anayeirudisha kalamu mkononi.

Basi wewe biharusi, ukifunga sanduku lako, tia na daftari. Na wewe mama uliyemaliza kulea, chagua mtu mmoja: mjukuu, mkwe, au wenzako wa darsa. Mwandikie beti mbili kila baada ya Sala ya Ijumaa. Zikigoma, fanya takhmisi. Ukiondoka duniani bila kuandika, maneno yako yanazikwa na wewe, na mjukuu wako atabaki kuuliza bibi alikuwa akisema nini.

Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu hawa, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.