Kichwa cha konokono: pembe, meno na tezi za ute

Mvua imenyesha usiku. Asubuhi mama mkulima anafika shambani na kukuta lengalenga zimetobolewa, na juu ya udongo kuna alama inayong'aa. Mwizi ni konokono. Ili kumzuia, tujue kwanza kichwa chake kinafanya kazi namna gani.

Pembe. Ziko nne, laini. Mbili ndefu za juu ziko na jicho kwenye ncha, lakini jicho hilo halione vizuri: linatambua zaidi mwanga na kivuli. Mbili fupi za chini zinapapasa udongo na kutambua ladha na harufu. Ukizigusa, zinaingia ndani kama soksi inayogeuzwa.

Mdomo. Uko upande wa chini. Ndani kuna ulimi wenye maelfu ya meno madogo sana, unaokwaruza majani kama tupa. Meno yakilika, mengine yanasogea kutoka nyuma. Tezi mbili zinaleta mate ya kulainisha chakula.

Tezi za ute. Kati ya mdomo na mguu kuna tundu la tezi kubwa. Hiyo ndiyo inatoa ute ambao konokono anateleza juu yake. Tezi nyingine ndogo zimetawanyika kwenye ngozi, na ute wake unazuia mwili usikauke.

Tundu la uzazi. Kwa konokono wengi liko upande wa kuume wa kichwa, nyuma ya pembe. Kila mmoja ni dume na jike pamoja. Konokono mkubwa wa Afrika anaweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwa mara moja. Ndiyo maana ukiacha wachache, kesho ni wengi.

Basi mkulima afanye nini? Ute ni nguvu ya konokono, tena ni udhaifu wake, juu ya sehemu kubwa ya ute ni maji ya mwili wake. Majivu makavu yananyonya ute huo, kwa hiyo anayakwepa. Mvua ikiyalowesha, hayana kazi tena: mwaga mapya. Chumvi inamuua, lakini inaharibu udongo. Afadhali kuwaokota jioni, mikono ikiwa imefunikwa.

Konokono anaweza pia kubeba minyoo midogo sana, ambayo ikiingia mwilini mwa mtu inaweza kufika kwenye ubongo. Watoto wasimchezee. Nawa mikono kwa sabuni, osha vizuri mboga zinazoliwa mbichi, na anayekula konokono ampike mpaka aive kabisa.