Uwanja na Nyumba: Safari ya Handeni na Korogwe

Msafiri aendaye kutazama ngoma hana budi kutazama na nyumba, maana ngoma huchezwa uwanjani, na uwanja hufuata mpango wa nyumba. Somo hili nilichelewa kulipata, ingawa nimekwenda Handeni na Korogwe mara nyingi.

Wazigua wa kale walijenga nyumba za msonge, ezeko lake la nyasi likishuka karibu na ardhi. Katika karne ya 19, biashara ya watumwa ilipotia hofu nchini, vijiji vingi vilizungushiwa maboma ya miti na miiba. Wazigua wa bonde la Ruvu, mto uitwao pia Pangani, walikaa visiwani, na Korogwe ya kale ilikuwa miongoni mwa makao hayo. Maji yalikuwa ukuta wao. Mahali pa namna hiyo nafasi ni haba, na watu hutazamana nyuso.

Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902. Mashamba ya mkonge yakaleta vibarua wa mbali, na nyumba za pembe nne zikasimama kwa safu. Tarehe 10 Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, ili ngoma zilizodharauliwa na wakoloni zirudishiwe heshima. Heshima zilipata, lakini zilipata na jukwaa. Kisha, tangu mwaka 1973, kuhamia vijijini kulipofanywa amri, kaya nyingi ziliacha viwanja vyao zikapangwa kando ya barabara.

Nilimwuliza mzee mmoja wa Handeni kama selo ya leo ni ile ya ujana wake. Alinijibu kwamba hatua ni zile zile, ila zamani wachezaji walielekeana wao kwa wao, na sasa humwelekea mgeni. Nilinyamaza, maana mgeni mwenyewe nilikuwa mimi. Katika madaftari yangu nilikuwa nimeandika habari za selo ya Wazigua na mdumange ya Wasambaa, midundo na mavazi, bila kuchora hata uwanja mmoja.

Basi, mwanafunzi utakayenifuata, usianze na ngoma. Uliza kwanza nyumba zilisimama wapi, na milango yake ilielekea wapi. Wanaokumbuka si wengi, nao hawatungoji.