Karani na Kitabu cha Sheria

Katika zama za ukoloni, karani wa Nakuru, mji uliozaliwa na reli, akitamani uwakili ilimlazimu avuke bahari, mara nyingi hadi London, kwani Afrika Mashariki nzima haikuwa na kitivo cha sheria, hata Kamati ya jaji Mwingereza, Denning, ilipohimiza elimu hiyo ifundishwe huku, kikafunguliwa cha Dar es Salaam, Oktoba 1961, kwa wanafunzi 14 tu. Mwaka 1963 ikafuata Shule ya Sheria ya Kenya, Nairobi, ambako mwanagenzi alidurusu sheria huku akihudumu katika afisi ya wakili. Kusoma huku mtu akifanya kazi hakukuwa jambo jipya: Wakomunisti wa Moscow walikuwa wakiwasomesha wafanyakazi wao sheria kwa posta tangu miaka ya 1930.