Video ikikataa, sauti bado ipo
Wengi wenu mlikimbia vita mkiwa na simu mfukoni, na ndani yake mna sauti za wazazi waliobaki. Simu nyingi za miaka ya 2000 zilirekodi video za 3GP, sauti ikibanwa kwa AMR. Baadaye MP4 ikaenea. Mwaka 2017 iPhone mpya zikaanza kurekodi kwa HEVC, na simu nyingi za zamani zikashindwa kuonyesha picha. Lakini ndani ya faili, picha na sauti hukaa mbalimbali. Picha ikikataa, usifute. Hamisha faili kwenye kompyuta, uifungue kwa VLC, programu ya bure iliyoanzia Ufaransa. Inaweza kutoa sauti peke yake. Hapa redioni ndivyo tunavyookoa ushuhuda. Faili ya kwanza itunze. Fanyia kazi nakala.