Ndui ya Mbuzi na Jina Lake

Ukifika Shimoni, msomaji, kijiji cha wavuvi kilicho kusini mwa pwani ya Kenya na kuelekea kisiwa cha Wasini, utaonyeshwa mapango ya mawe yaliyokipa kijiji jina lake. Utaonyeshwa pia majengo ya kale yaliyobaki tangu siku za Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Hiyo ndiyo historia wanayoijia wageni. Lakini mbele ya milango ya wenyeji hupita historia nyingine, nayo yatembea kwa miguu minne.

Katika nchi ya Kwale, ambako mbung'o wa vichaka vya Shimba wamewatesa ng'ombe tangu zamani, mbuzi ni akiba ya nyumba. Ndiye auzwaye karo itakiwapo, ndiye achinjwaye siku ya akika. Basi msiba wa mbuzi ni msiba wa watu.

Miongoni mwa misiba hiyo ni ndui ya mbuzi na kondoo. Yapata wiki moja au mbili baada ya kuambukizwa, mnyama hushikwa na homa, macho na pua hutoka maji, kisha vipele vigumu humtokea mahali pasipo na manyoya mengi: usoni, makwapani, kiweleni na chini ya mkia. Vipele hukauka vikawa magamba, na ndani ya magamba hayo virusi huweza kuishi miezi mingi. Wachanga ndio wafao zaidi. Wala usidhani kwamba ni ule ugonjwa mwingine wa virusi utoao vidonda midomoni mwa wana-mbuzi, ambao huweza kuushika hata mkono wa mchungaji. Ndui ya mbuzi haimdhuru mwanadamu.

Sasa tutazame jinsi ugonjwa huu ulivyowatatiza wataalamu. Mwaka 1929, katika nchi iitwayo leo Zambia, ng'ombe walionekana wamejaa mapele ya ngozi. Wengine walidhani wamekula majani ya sumu, wengine wakalaumu wadudu waumao. Katika miaka ya 1940 ugonjwa huo uliwapata ng'ombe kwa mamilioni huko Afrika Kusini, ndipo watu wakasadiki kwamba ni wa kuambukiza. Mwaka 1957 ulifika Kenya, na ajabu ni kwamba ulitokea wakati mmoja na ndui ya kondoo. Je, magonjwa hayo mawili yalikuwa na udugu gani?

Jawabu lilitafutwa Kabete, karibu na Nairobi, penye maabara ya serikali ya magonjwa ya mifugo. Kutoka Shimoni ni safari ya zaidi ya kilomita 500. Mwaka 1976 mtaalamu wa Kabete, F. G. Davies, alichapa uchunguzi wake juu ya virusi vya ndui vilivyotoka kwa kondoo na mbuzi wa Kenya. Virusi vya namna hiyo vilipunguzwa ukali vikafanywa chanjo, na moja ya chanjo hizo ikaandikwa KSGP O-240. Herufi zenyewe zilitangaza kwamba ni ndui ya kondoo na mbuzi ya Kenya. Ilitumiwa katika nchi nyingi, tena si kwa mbuzi na kondoo peke yao, bali hata kwa ng'ombe, kwa kuwa virusi vya jamii hii hufanana sana.

Lakini mwaka 2014 wachunguzi waliosoma maumbile ya virusi hivyo kwa vyombo vipya walithibitisha kwamba O-240 haikuwa ya mbuzi wala ya kondoo. Ilikuwa virusi vya mapele ya ng'ombe! Mbuzi na kondoo walikuwa wamekingwa vema na chanjo hiyo; bali kwa ng'ombe, ambaye virusi hivyo ni vyake hasa, ukali wake haukuwa umepunguzwa vya kutosha, na ng'ombe waliochanjwa waliweza kupata madhara. Kibandiko cha chupa kilikuwa kimesema neno moja, na kilichomo ndani neno jingine.

Msomaji, hapa pana fundisho kubwa. Jina la kitu si kitu chenyewe. Wanadamu waliitokomeza ndui yao wenyewe, ikatangazwa mwaka 1980. Wakaitokomeza sotoka ya ng'ombe, ikatangazwa mwaka 2011. Ndui ya mbuzi ingali ipo. Kwa hiyo mchungaji aonaye kipele chini ya mkia na amtenge mnyama yule, asimpeleke mnadani, na amwite mganga wa mifugo upesi. Naye mtaalamu asichoke kuliuliza upya hata jina ambalo wakubwa wake wamekwisha kuliandika, kwa maana mwisho wa njia ile ndefu kutoka Kabete yupo mama mmoja mwenye mbuzi watatu, na hao ndio akiba yake yote.