Kinga dhaifu, damu pungufu: tiba iliyochukua karne kufika Marambo

Mwaka 1949 daktari mpasuaji Mwingereza, Leader Stirling, alihamia hospitali ya misheni ya Mnero, Nachingwea, akatibu watu pale kwa miaka 15 hivi. Alifika enzi ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga, matrekta yakifyeka misitu ya Nachingwea na reli ikijengwa kutoka Mtwara. Stirling, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Afya kuanzia 1975 hadi 1980, alifanya kazi katika ukanda wa malaria, ambako bandama kuvimba ni jambo la kawaida. Bandama hiyohiyo ndiyo wapasuaji wa Ulaya walikuwa wakiitoa ili kutibu ugonjwa mwingine: kinga ya mwili inapogeuka na kuharibu chembe za damu ya mwenye mwili.

Kinga ikishambulia chembe sahani, zinazogandisha damu, mgonjwa hutokwa damu puani na kwenye fizi, na miguuni humtoka vidoa vyekundu, vidogo kama kichwa cha pini, ambavyo hata ukivibonyeza havififii. Ikishambulia chembe nyekundu, damu humpungua, macho huwa ya manjano, na akitembea hatua chache tu hutweta.

Mwaka 1916 huko Prague, Paul Kaznelson, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari, alimshawishi profesa wake amtoe bandama mwanamke aliyekuwa akivuja damu. Chembe sahani zilipanda. Lakini sababu haikujulikana hadi 1950, pale William Harrington wa St. Louis, Marekani, alipojiongezea damu ya mgonjwa wa aina hiyo. Ndani ya saa chache chembe sahani zake zilishuka vibaya, akatokwa na vidoa mwilini. Alipona baada ya siku kadhaa, na ulimwengu ukajua kwamba kinachoangamiza chembe hizo kimo ndani ya damu yenyewe. Tangu hapo tiba kuu ikawa kuituliza kinga kwa dawa kama prednisoloni, au kutoa bandama.

Lakini vipi kwa mtu ambaye kinga yake tayari ni dhaifu? Mwaka 1952 Ogden Bruton alieleza habari za mtoto aliyezaliwa bila uwezo wa kutengeneza kingamwili, yaani protini za kupambana na vijidudu. Miaka iliyofuata ilidhihirika kwamba baadhi ya watu wenye upungufu wa kinga ndio hao pia ambao kinga huwageukia na kula damu yao. Ukiituliza zaidi, maambukizi yanaingia. Ukitoa bandama, unaondoa ngao nyingine dhidi ya bakteria, na kwa mkazi wa Marambo, wilayani Nachingwea, unamwachia malaria ikiwa kali zaidi.

Njia nyingine ilianza kuonekana Bern, Uswisi, mwaka 1980. Paul Imbach alimpa mvulana kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangia damu wengi, kwa sababu dawa za muda mrefu zilikuwa zimemmalizia za kwake. Chembe sahani zikapanda haraka. Kumbe kumwongezea mtu kingamwili kunaweza kuizuia kinga isile damu.

UKIMWI nao ulionyesha, kwa watu wengi zaidi, kwamba damu inaweza kupona bila kuituliza kinga. Tanzania ilitambua wagonjwa wake wa kwanza mwaka 1983, mkoani Kagera. Mwaka 1982 madaktari wa New York walikuwa tayari wameeleza upungufu wa chembe sahani kwa vijana ambao baadaye ilijulikana walikuwa na virusi vya UKIMWI (VVU). Zidovudini, dawa ya kufubaza virusi hivyo, ilipopatikana mwaka 1987, chembe sahani za wagonjwa wengi zilipanda, ingawa dawa hiyohiyo huweza kupunguza chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana kliniki hupima damu kabla ya kuianzisha.

Dawa za kufubaza VVU (ARV) za bure zilianza kutolewa nchini Oktoba 2004, na mwaka 2016 sera ikawa kuanza dawa mara tu mtu anapogundulika. Kwa mtu wa Nachingwea au Ruangwa anayeishi na VVU, dawa anazochukua kila mara kwenye kliniki ya tiba na matunzo (CTC) ndizo tiba ya msingi ya upungufu wa chembe sahani. Prednisoloni huongezwa kwa muda mfupi akivuja damu, baada ya kuhakikisha hana kifua kikuu. Kingamwili zile za Bern bado ni ghali mno kwa familia inayotegemea korosho na ufuta.

Malaria nayo hushusha chembe sahani, hivyo kipimo chake ndicho huja kwanza. Lakini malaria ikitibiwa na vidoa vikabaki, au fizi zikaendelea kuvuja, mgonjwa anastahili kupimwa picha kamili ya damu na VVU, na kupewa rufaa mapema. Na aliye kwenye ARV asiache dozi kwa kudhani ndizo zinazomkaushia damu. Amweleze mhudumu, kwa sababu dawa inaweza kubadilishwa, na akiiacha, kinga iliyoanza kutengemaa inavurugika upya.